Chunjua Katika Familia: Wembe Si Dawa



Tumepewa dakika chache kuzungumzia chunjua, ambazo wengine huziita sunzua. Tunajua wapo watakaosema si jambo la kuletwa mbele ya wafadhili. Lakini tunapotembelea familia huku migombani tunamkuta mama anazo, mtoto anazo, na wembe umeshatumika, wakati mwingine hata maji ya betri. Kidonda kinachobaki ni kibaya kuliko chunjua yenyewe.

Hakuna aliyelogwa. Chunjua huletwa na virusi vya papiloma, vinavyoingia kwenye ngozi iliyochubuka au iliyolowa. Nyumbani kwetu njia ni nyingi: taulo moja la watu 5, wembe mmoja, mikono iliyochanwa na majani ya ng'ombe, watoto pekupeku kwenye sakafu ya bafu. Miezi inaweza kupita kabla ya kitu kuonekana, ndiyo maana familia haikumbuki nani alianza. Mtoto anayetafuna kucha huzihamishia midomoni.

Kwa watoto, nyingi hupotea zenyewe ndani ya miaka 2. Anayetaka kuzitibu atafute dawa ya asidi ya salisili. Aloweke dakika 5 hadi 10 katika maji ya uvuguvugu, asugue taratibu kwa jiwe lisilotumiwa na mwingine, apake mafuta ya mgando kwenye ngozi inayozunguka, kisha dawa juu ya chunjua tu. Kila siku, hata wiki 12. Wengi huacha mapema mno. Isipakwe usoni wala sehemu za siri, na mwenye kisukari amwone daktari kwanza. Njia nyingine ni kuzigandisha hospitalini kwa naitrojeni ya majimaji, nayo mara nyingi hurudiwa.

Mtu mzima anayetokwa na chunjua nyingi ghafla ashauriwe kupima VVU, bila kunyooshewa kidole. Na mwenye ualbino akiota kinyama kinachotoka damu, asipoteze hata wiki moja na dawa ya chunjua. Huenda ni saratani. Hapa Moshi tuna bahati: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianzishwa KCMC mwaka 1992. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba fedha za diakonia zisinunue dawa za kugawa, bali zilipe nauli ya mgonjwa kutoka Rombo au Marangu.

Aina nyingine za virusi hivi huleta saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa majaribio mkoani kwetu mwaka 2014, ikaenea nchi nzima 2018. Mzazi asimzuie binti.

Walimu wa shule ya Jumapili wametuuliza kama mtoto mwenye chunjua mkononi akae pembeni. Hapana. Ifunikwe kwa plasta, aingie akae na wenzake.