Nyota Mbili Kwenye Ujumbe wa WhatsApp

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

Leo tunajibu swali la viongozi wa bloku: nikiweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp, nifanye nini lionekane? Wengine wanauliza moja kwa moja, rangi nyekundu inawekwaje?

Rangi tuimalize haraka. Ujumbe wa kawaida wa WhatsApp hauna rangi ya herufi ya kuchagua. Yale matangazo mekundu unayoyaona huwa ni picha, mtu ameyatengeneza kwenye programu nyingine akayatuma. Na picha inakula bando. Jirani yako mwenye bando dogo hataifungua, na tangazo la mgawo litakaa pale na ukungu wake mpaka siku ipite.

Kilichopo ni herufi nzito. Alama ya nyota unaijua, ni ile unayoanza nayo ukibonyeza *165# ya MTN au *185# ya Airtel kuangalia hela zako. Weka nyota moja mbele ya neno na nyingine nyuma, bila kuacha nafasi kati ya nyota na neno, hivi: *Jumanne*. Ukituma, nyota zinapotea na neno linakuwa zito. Ukiacha nafasi, nyota zinabaki zinakutazama. Kistari cha chini pande zote mbili, _Jumanne_, kinalaza herufi. Alama ya wimbi, ~Jumanne~, inalikata neno kwa mstari katikati.

Hiyo ya wimbi ndiyo mimi naipenda kuliko zote. Tuseme siku ya mgawo imehama, haiko tena Jumanne, ni Alhamisi. Ujumbe uliokwisha tumwa unaweza kuurekebisha ndani ya dakika 15 tu. Baada ya hapo lazima uandike mwingine. Sasa ukiandika “mgawo ni Alhamisi” peke yake, kundi linagawanyika: huyu anasema Jumanne, yule Alhamisi, kila mmoja ana ujumbe wa kuonyesha. Na yuko mama aliyesoma ule wa kwanza asubuhi, akazima simu kulinda chaji. Jumanne anatoka na mtoto mgongoni, anatembea juani, anakuta uwanja mtupu. Andika hivi: mgawo si ~Jumanne~, ni *Alhamisi*. Anayeufungua anaona siku ya zamani imekatwa na mpya iko mbele yake, hana cha kubisha. Huyo mama aliyezima simu, jamani, nyota haitamfikia. Tumeni mtoto akamwambie.

Usiweke nyota kila mahali. Koleza siku, mahali na kundi linalohusika, basi. Tangu mwaka 2023, WFP ilipoanza kutoa msaada wa chakula kwa makundi ya uhitaji, mtu akifungua tangazo anatafuta kwanza namba yake: kundi la 1, la 2 au la 3. Hiyo namba ndiyo inataka nyota.

Zile programu za herufi za mapambo, ziacheni kwa kadi za harusi. Simu nyingine za zamani zinaonyesha visanduku vitupu, na ndugu yetu asiyeona, ambaye simu yake inamsomea ujumbe kwa sauti, anaweza asipate hata neno moja. Na ukinakili tangazo kulituma kwa SMS kwa mwenye kitochi, toa nyota kwanza, maana kule zinabaki zilivyo.

Lakini wazee wangu, dada zangu, nyota anaweka yeyote. Mimi ninaweza, na tapeli anaweza. Ukiona ujumbe umeandikwa herufi kubwa nzito, una ving'ora na viduara vyekundu, unasema *FAMILIA ZINAPELEKWA KANADA, LIPIA FOMU LEO*, tulia. Huduma za UNHCR hazilipiwi, na kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi. Angalia juu ya ujumbe. Ukiona mishale miwili, ujue umeshapita kwenye simu nyingi kabla ya kufika kwako, na huyo rafiki aliyekutumia huenda hajui ulitoka wapi. Usiusambaze. Kabla hujauza mbuzi, muulize kiongozi wa RWC wa hapo kwenu, au piga FRRM 0800 323232. Hulipi kitu kupiga.

Nairudia namba, polepole, kwa anayeandika: sifuri, nane, sifuri, sifuri, tatu, mbili, tatu, mbili, tatu, mbili.

(Muziki.)