Usukani Hauchomelewi

(Maelezo ya ofisi ya miradi kwenye semina ya kamati za sharika, Malangali, Sumbawanga)



Tumepewa nafasi ya kueleza kazi iliyofanyika kwenye Land Rover 109 ya miradi, ile pikapu ya petroli ya toleo la Series III. Toleo hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Gari ni zee, lakini ndilo linalobeba saruji, mabomba ya maji na mahindi ya vikundi. Ndilo pia linaloteremka kutoka huku juu Ufipa kwenda Muze, bonde la Ziwa Rukwa. Kwenye mteremko ule, dereva aliyepoteza usukani hana pa kukimbilia.

Dalili zilikuwa mbili. Usukani ulikuwa ukicheza sana kabla magurudumu hayajageuka, na waya za swichi ya ufunguo zilianza kunuka moshi. Baadhi ya wajumbe walishauri tuchomelee ili kuokoa fedha. Tulikataa. Moto wa kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma, na chuma kinachosokotwa kila siku huweza kukatika kando ya kiungo bila kutoa onyo. Bodi huchomelewa, usukani hauchomelewi.

Katika gari hili ufito wa usukani na steringi boksi ni kitu kimoja. Kwa hiyo tulitafuta nguzo nzima pamoja na boksi lake, kutoka gari la toleo lilelile. Fundi aliikagua kwanza: aliuzungusha ufito kutoka mwisho hadi mwisho, akatazama kutu, nyufa na uvujaji wa oili. Ndipo tukalipa, kwa risiti.

Kazi yenyewe ilianza kwa kuchomoa betri. Magurudumu yaliwekwa yamenyooka, usukani ukatolewa, na mkono wa chini ukavutwa kwa pula, si kwa nyundo. Nguzo mpya ilipofungwa, fundi alihesabu mizunguko yote ya usukani kutoka kushoto hadi kulia, akarudisha nusu yake, ndipo akafunga mkono. Asipofanya hivyo, gari linaweza kukata kona vizuri upande mmoja na kushindwa upande wa pili.

Sehemu iliyochukua muda zaidi ni waya. Magari ya Kiingereza ya wakati ule yana utaratibu wa rangi, na ni vema kamati ziujue. Waya wa kahawia huleta umeme wa betri moja kwa moja, hata ufunguo ukiwa umezimwa. Mweupe hupata umeme ufunguo ukifunguliwa. Mweupe wenye mstari mwekundu huenda kwenye stata. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto. Chenye mstari mweupe ni ya kulia. Bluu ni taa kubwa. Mweusi huenda kwenye bodi.

Ule wa kahawia kwenye gari hili haupiti kwenye fyuzi. Ukichubuka na kugusa chuma, hakuna kitakachokata umeme kabla ya moto kuwaka. Hapo ndipo tulipokuta viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni. Vyote viliondolewa. Kwa kuwa mafundi wengi wamepita na kila mmoja ameacha rangi yake, kila waya ulipimwa kwa taa ya kupimia kabla ya kuunganishwa, na mchoro ukawekwa kwenye faili la gari.

Mwisho, magurudumu ya mbele yaliinuliwa na usukani ukazungushwa pande zote kuona kama kuna waya unaobanwa. Gari likaendeshwa uwanjani, kisha barabara tambarare bila mzigo. Muze lilikwenda mwisho, baada ya nati zote kukaguliwa tena.

Ndugu zetu, tunaziomba kamati mambo matatu. Kwanza, kila bajeti ya gari iwe na fungu la matengenezo, lisiguswe kwa kazi nyingine. Pili, spea ya usukani au breki isinunuliwe bila fundi kuiona. Tatu, dereva akisema gari si salama, asilazimishwe kuondoka, hata kama mahindi yamekwisha kupakiwa.

Nanyi wafadhili wetu tunawashukuru. Gari jipya hupendeza kwenye picha, nati iliyokazwa haionekani. Lakini abiria na mizigo vinarudi salama kutoka Muze kwa sababu ya nati hiyo. Msione haya kuichangia.