Tathmini ya Mabeki wa Kati wa AS Maniema Union Kabla ya Mapumziko ya Msimu

Utangulizi

Mada hii inahusu kazi ambayo klabu nyingi huiahirisha mpaka ligi imekwisha na wachezaji wametawanyika: kupima safu ya mabeki wa kati. Nimechukua mfano wa AS Maniema Union kwa sababu ndiyo timu iliyolitangaza jina la mji wetu wa Kindu barani, na wapenzi wake wako katika komuni za Kasuku na Mikelenge ng'ambo ya mto kama walivyo hapa Alunguli. Hoja yangu ni moja. Beki wa kati apimwe pamoja na mwenzake anayecheza naye, apimwe pia kwa muda uliobaki katika mkataba wake, na kazi hiyo ifanyike wakati ligi bado inaendelea. Idadi ya mabao tuliyofungwa, ikisimama peke yake, haituambii nani abakizwe na nani atafutwe.

Ushahidi wa uwanjani

Msimu wa 2023/24 Maniema Union ilishika nafasi ya pili katika Linafoot, ligi kuu ya DR Kongo, nyuma ya TP Mazembe, ikapata nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika. Katika hatua ya makundi ilipangwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini pamoja na AS FAR na Raja Casablanca za Morocco. Novemba 2024 ilianza ugenini Pretoria na kutoka sare ya 0-0 na Sundowns, timu inayosifika Afrika nzima kwa kumiliki mpira. Lakini kundi lilipomalizika, FAR na Sundowns ndizo zilizofuzu, na Maniema Union ikabaki mkiani. Anayeshika matokeo ya Pretoria tu atasema ulinzi hauna tatizo. Anayeshika msimamo wa kundi tu atataka mabeki wote waondoke. Wote wawili wanahukumu kabla ya kuchunguza. Swali la kwanza ni jinsi kila bao lilivyoingia: kwa kona au faulo, kwa krosi, kwa mpira mrefu uliopita nyuma ya mabeki, au kwa mpira uliopotezwa wakati timu inaanza kujenga mashambulizi. Bao la krosi mara nyingi huanza na beki wa pembeni aliyechelewa kurudi, au kiungo mkabaji aliyeacha nafasi yake wazi. Beki wa kati ndiye anayeonekana karibu na goli, kwa hiyo ndiye anayelaumiwa, hata pale kosa lilipotokea mita 30 mbele yake.

Ndiyo maana nasema mabeki hawa wapimwe wawili wawili. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, Leopards, timu ya taifa ya DR Kongo, walicheza mechi 7 na kufungwa mabao 5 tu nje ya mikwaju ya penalti. Hakuna mechi waliyofungwa zaidi ya bao 1. Walimaliza wa nne. Katikati ya ulinzi walisimama nahodha Chancel Mbemba na Henock Inonga, wawili ambao kila mmoja aliziba pengo la mwenzake. Ushahidi mwingine uko Dar es Salaam. Klabu ya Yanga ilimsajili Bakari Mwamnyeto kutoka Coastal Union mwaka 2020, Dickson Job kutoka Mtibwa Sugar Januari 2021, na Ibrahim Bacca kutoka KMKM ya Zanzibar Januari 2022. Mabeki hao watatu walitoka klabu za nyumbani, wakaingia mmoja baada ya mwingine, wakabaki pamoja. Mwaka 2023 Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikashinda 1-0 Algiers na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Ulinzi huo ulijengwa kwa mpango wa misimu kadhaa, hatua kwa hatua.

Mkataba ni sehemu ya ulinzi

Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu katika mkataba wake kukubaliana na klabu nyingine. Maana yake, klabu inayosubiri msimu uishe ndipo ianze tathmini inaweza kukuta beki wake bora ameshaahidiwa kwingine, na ikikosa kumuuza inakosa pia ada ya uhamisho. Inonga aliondoka DC Motema Pembe mwaka 2021 kwenda Simba ya Tanzania, na mwaka 2024 akahamia AS FAR, timu ileile iliyokutana na Maniema Union msimu huo. Soko la mabeki wa Kongo liko wazi kuanzia Dar es Salaam hadi Rabat. Klabu ya Kindu haiwezi kulifunga, ila inaweza kujua mapema nani yuko karibu kuondoka na nani anaandaliwa kuchukua nafasi yake.

Kujibu pingamizi

Wapo watakaosema kwamba Leopards wanaipinga hoja yangu, kwa kuwa Mbemba alitoka Marseille na Inonga alitoka Simba, na bado walielewana. Ni kweli. Lakini walikaa kambi moja na kucheza mfululizo, na mmoja wao alikuwa na uzoefu wa miaka mingi Ulaya. Klabu isiyo na Mbemba wake lazima inunue maelewano kwa muda. Pingamizi la pili ni zito zaidi: fedha. Ligi yetu imeyumba kiasi kwamba msimu wa 2022/23 ulikatika bila bingwa. Kuna faida gani kupanga? Nami najibu kwamba mwenye fedha kidogo ndiye anayehitaji tathmini zaidi, kwa sababu usajili mmoja mbaya unamla msimu mzima. Kutazama upya mechi na kuandika chanzo cha kila bao kunahitaji kamera, daftari na watu wawili wenye subira. Pingamizi la tatu linasema tatizo letu ni washambuliaji. Huenda ikawa hivyo, lakini tutalijua hilo kwa uhakika baada tu ya kuupima ulinzi kwa haki.

Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Benchi la ufundi liandike chanzo cha kila bao kuanzia mechi ya kwanza, na lionyeshe ni mabeki gani wawili waliokuwa uwanjani. Uongozi uwe na orodha ya mabeki wa kati wote na tarehe ya mwisho ya kila mkataba, na mazungumzo ya kuuongeza yaanze kabla ya ile miezi 6 kufika. Kila msimu beki kijana mmoja kutoka timu za Kindu, za Alunguli zikiwemo, afanye mazoezi na kikosi cha kwanza na kupewa dakika kando ya beki mkongwe. Nawaomba viongozi na makocha mliopo hapa mlianze jambo hili msimu huu, wakati wachezaji bado wako kambini na mikataba yao bado iko mikononi mwetu.