Mteja, Maktaba na Kontena: Suala la Istilahi



Neno kontena halihitaji utetezi. Lilishuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam, likaingia ngeli ya LI-YA bila kubisha hodi. Docker ilipotangazwa hadharani mwaka 2013, Kiswahili kilikuwa tayari na jina la kifungashio kibebacho programu pamoja na vyote inavyovihitaji. Ugumu huanza tunapotaka kuyaamrisha makontena hayo kutoka ndani ya programu nyingine, tuseme iliyoandikwa kwa lugha ya Python, badala ya kuchapa amri moja moja kwa mkono.

Chombo cha kazi hiyo huitwa maktaba ya mteja. Msikilizaji atauliza: vitabu viko wapi? Nionavyo mimi, maktaba linafaa, kwani mwandishi wa programu huazima humo kazi zilizokwisha kuandikwa. Mteja ndiye atatizaye. Hapa si mtu, bali ni programu ipelekayo maombi kwa injini ya Docker na kungoja jibu. (Kwa vijana wa Nairobi, mteja ni mtu asiyepatikana kwa simu, huku, asiyepatikana mara nyingi ni injini.)

Hasara halisi imo katika vitenzi. Maktaba ya Python ina stop, kill na remove, na mfasiri mvivu huziita zote “ondoa”. Ya kwanza huiashiria programu imalize shughuli zake, na kwa kawaida huisubiri sekunde 10 kabla ya kuikatiza kwa nguvu. Ya pili huikatiza papo hapo. Ya tatu hulifuta kontena lenyewe, pamoja na data yoyote iliyoandikwa ndani yake bila kuhifadhiwa nje. Mwanafunzi aliyefundishwa neno moja kwa matendo matatu anaweza kupoteza kazi ya mwezi mzima kwa kosa la mfasiri. Napendekeza simamisha, katiza na futa.

Kitenzi run ndicho kigumu zaidi. “Endesha” huficha kwamba kila kiitwapo huunda kontena jipya, ilhali start huliamsha lililokwisha kuwapo. Anayedhani anaamsha lile lile atajikuta na makontena kumi; tena hatayaona yote, kwa kuwa list, isipoongezewa all=True, huorodhesha yanayofanya kazi tu. “Unda na uanzishe” ni sahihi, ingawa ni refu. Wanaleksikografia mliomo ukumbini, nangoja mapendekezo yenu.