Figo Mpya, na Tumbo Je?

Msikilizaji, aliyepandikizwa figo hamezi dawa akapumzika. Asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi, ni takrolimasi na nyinginezo za kushusha kinga, ili mwili usiikatae figo aliyopewa na nduguye. Lakini kinga ikishushwa, chembe zilizoharibika nazo hupata mwanya. Ndiyo maana waliopandikizwa viungo hupatwa na saratani kuliko watu wengine, na tumbo halikusalimika.

Korea Kusini, ambako saratani ya tumbo imeua wengi, kila mwenye miaka 40 na zaidi huitwa kupimwa kila baada ya miaka 2. Uvimbe ukikutwa ungali kwenye utando wa ndani, mara nyingi hapana haja ya kupasua. Daktari hupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni. Hudunga maji maalumu chini ya utando, uvimbe ukainuka na kuachana na msuli. Kwa kisu kidogo cha umeme huukata kuuzunguka, kisha huuchuna kwa chini, taratibu, mpaka utoke mzima. Kipande hutandazwa, kikabanwa kwa pini na kupelekwa maabara kuangaliwa kama kingo zake ni safi. Wajapani ndio walioiendeleza kazi hii tangu miaka ya 1990.

Kwa mwenye figo ya kupandikizwa, faida yake ni kubwa mno. Ukimwondoa tumbo, vidonge vyake huenda visiingie mwilini kama zamani, na figo inaweza kuponzeka. Kidonda kikubwa nacho hukawia kupona kwa anayetumia steroidi, mojawapo ya dawa hizo za kushusha kinga. Njia ya mpira humwachia tumbo lake. Hatari zipo, damu kutoka au tumbo kutoboka, na saratani ikiwa imezama, upasuaji utahitajika.

Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Nawasihi sana wanaowahudumia wagonjwa hawa: anayelalamika tumbo, au anayepata choo cheusi kama lami, asirudishwe nyumbani na dawa ya asidi tu. Apimwe kwa mpira wenye kamera. Akikutwa na bakteria wa Helikobakta pailori, wanaochochea saratani ya tumbo, atibiwe, ila daktari wa figo aulizwe kwanza, maana klarithromaisini inayotumika sana kuwaua hupandisha takrolimasi kwenye damu, na takrolimasi ikizidi huidhuru figo ileile.