Wimbo Uliotoka Kanisani Ukarudi Kanisani

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu aliniuliza, "Mwalimu, je, ni halali mtu kutwaa wimbo wa Mungu na kuugeuza kuwa wimbo wa mapenzi?" Swali hili si la kupuuzwa, kwani wako wazee wa kanisa wasemao kwamba huo ni wizi. Nami nitajibu kwa habari za wimbo mmoja wa Marekani, uitwao "Stand by Me", maana yake, "Simama nami".

Mwaka 1905 Charles Albert Tindley, mchungaji mweusi wa Philadelphia, ambaye baba yake alikuwa mtumwa, alitoa wimbo wa kanisani wenye jina hilo hilo. Humo mtu mwenye dhiki amwomba Bwana asimwache peke yake.

Mwaka 1960 kijana Ben E. King, akishirikiana na Jerry Leiber na Mike Stoller, alitunga wimbo mpya juu ya wazo lile. Sauti nzito ya besi yaenda polepole, kama mtu atembeaye usiku. Hapa aitwaye si Bwana tena, bali ni mpenzi. Lakini hofu ni ile ile: giza, na milima kuporomoka baharini, kama tusomavyo katika Zaburi ya 46. Santuri ilipotoka mwaka 1961, ilipanda hata nafasi ya 4 katika Marekani.

Kisha wengine wakauimba, kila mtu kwa namna yake. John Lennon, Mwingereza, aliutoa mwaka 1975. Mickey Gilley akauimba kwa mtindo wa mashambani mwaka 1980. Na Prince Royce akauchanganya na Kihispania mwaka 2010. Mwaka 1986 sauti ya King mwenyewe ilisikika katika filamu ya wavulana wanne, ukawa wimbo wa urafiki, na mwaka 1987 ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Hatimaye, tarehe 19 Mei 2018, kwaya ya Kingdom Choir iliuimba ndani ya kanisa la Windsor, katika arusi ya Mwana wa Mfalme Harry na Bibi Meghan Markle. Basi wimbo ulirudi nyumbani.

Je, ulikuwa wizi? Mimi naona sivyo. Moyo umwombao Mungu asiuache ndio huo huo umwombao mke, au mume, au rafiki. Lakini wazee nao wana haki yao. Watungaji walioandikwa katika santuri ile ya 1961 ni King na wenzake. Jina la Tindley halimo. Kwa hiyo nalimjibu yule mwanafunzi: Azima, mwanangu, na uimbe kwa furaha, ila usisahau kumtaja aliyekuazima.