Nambari ya Figo Imetokana na Kanuni Ipi? Mazungumzo na Wagonjwa wa Moyo



Leo tumechagua kuzungumza nanyi juu ya nambari moja iandikwayo kwenye majibu ya maabara, ambayo wagonjwa wengi wa moyo huipokea bila maelezo. Ni nambari inayoonyesha uwezo wa figo kuchuja damu. Huandikwa kana kwamba imepimwa, ilhali imekadiriwa. Kilichopimwa ni kreatinini, yaani taka itokayo kwenye misuli na kutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Uwezo wa figo hupatikana kwa hesabu, na kanuni za hesabu hiyo ni zaidi ya moja.

Jambo hili lamhusuje mgonjwa wa moyo? Moyo unapodunda bila mpangilio, damu huweza kuganda ndani yake, na donge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, na baadhi ya dawa hizo hutegemea figo ili zitoke mwilini. Dozi ikizidi uwezo wa figo, dawa hujilimbikiza, na mgonjwa aweza kuvuja damu tumboni au hata kichwani. Dozi ikipunguzwa pasipo sababu, kinga dhidi ya kiharusi hupungua.

Kanuni mbili ndizo zinazokutana mara nyingi. Ya Cockcroft na Gault ilichapishwa mwaka 1976. Hutumia umri, jinsia, kreatinini na uzito wa mgonjwa. Ile iitwayo CKD-EPI ilitolewa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2021. Yenyewe haiulizi uzito, bali humchukulia kila mtu kana kwamba mwili wake una eneo la mita za mraba 1.73. Ni rahisi kwa maabara, kwa kuwa chupa ya damu hufika huko bila uzito wa mwenye damu.

Tuchukue mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 80, uzito wa kilo 48, na kreatinini ya mikromoli 88 kwa lita. Kwa CKD-EPI ya mwaka 2021 atapata takriban 57. Kwa Cockcroft-Gault atapata takriban mililita 34 kwa dakika. Damu ni ileile na siku ni ileile. Sasa, dozi ya kawaida ya rivaroksabani ya kuzuia kiharusi kwa wagonjwa wa namna hii ni miligramu 20 kwa siku; uwezo wa figo ukishuka chini ya 50, dozi huwa miligramu 15. Nambari ya kwanza ingempa bibi huyu dozi kubwa, na ya pili ingempa ndogo.

Ifuatwe ipi? Majaribio makubwa ya dawa hizi mpya yalipima figo za wagonjwa kwa Cockcroft-Gault, na dozi zake zimejengwa juu ya msingi huo. Mwezi Oktoba 2019, mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kuitumia kwa dawa hizi, na vilevile kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 75 na zaidi, na kwa waliokonda au kunenepa kupita kiasi. CKD-EPI nayo ina kazi yake, hasa katika kutambua na kufuatilia ugonjwa wa figo wenyewe.

Lipo jambo lituhusulo sisi Waafrika. CKD-EPI ya mwaka 2009 ilimwongezea mtu mweusi takriban asilimia 16. Ile ya mwaka 2021 iliondoa nyongeza hiyo. Panapotumika bado kanuni ya zamani pamoja na nyongeza yake, figo huweza kuonekana nzima kuliko zilivyo.

Tena, hakuna kanuni kati ya hizi inayotegemeka wakati kreatinini inapobadilika kwa haraka, kama vile mgonjwa anapolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Hapo kipimo hurudiwa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne. Pimeni uzito kila mwendapo kliniki, na hakikisheni umeandikwa. Mwandikiwapo dawa ya kuzuia damu kuganda, mwulizeni daktari au mfamasia: “Dozi hii imepangwa kwa kanuni ipi, na uzito wangu umehesabiwa?” Mkiharisha au kutapika sana, au mkipungua uzito, toeni taarifa mapema ili figo zipimwe upya. Na la nne, msipunguze dozi wala kuacha dawa kwa uamuzi wenu wenyewe, hata kama hesabu mliyoifanya nyumbani imewatia shaka. Ipelekeni shaka hiyo kliniki.

Kuuliza si ujinga, wala si kumvunjia daktari heshima.